Sherisi na Gundi

Harufu yake ilitangulia. Mtu akitoka machinjioni kuja mjini Kisumu, miaka ile ya baada ya vita vya Wajerumani, alipita karibu na kibanda cha mabati kilichokuwa chini kabisa, upande wa ziwa, na kabla hajakiona alikwisha kuziba pua. Hapo ndipo Rehma binti Sudi alipopikia gundi ya maseremala. Nyumba yake ya kulala ilikuwa Kaloleni, imefagiwa, inanukia udi, na mkeka umetandikwa barazani. Lakini watu walimjua kwa kibanda. Wakikutana naye sokoni walimwuliza, "Mama Zeituni, leo umepika?" Naye alijibu kwamba kama walikuwa hawajui, basi pua zao zina mafua.

Kazi hiyo hakuichagua. Baba yake, Sudi, alikuja na reli kutoka pwani akiwa mpishi wa kambi, na reli ilipofika ziwani ikakoma, naye akakoma hapo hapo na familia yake. Rehma alikulia Kisumu, akaolewa Kisumu na Abdulrahman, mnunuzi wa ngozi, mtu wa miguu isiyochoka, aliyezunguka kutoka soko la Kombewa hadi Katito akirudi na mizigo ya ngozi kavu. Homa ikamchukua Abdulrahman wakati binti yao Zeituni akiwa bado anatambaa. Ngozi nzima nzima zilinunuliwa na wafanyabiashara wenzake. Kilichobaki uani ni rundo la mapande, masikio, shingo na miguu, vitu ambavyo hakuna aliyevitaka. Eda ilipokwisha, mzee Sudi alilitazama lile rundo, akamwambia binti yake kwamba kwao pwani mapande kama haya hayatupwi.

Vipande vya ngozi Rehma aliviloweka katika maji ya chokaa mpaka manyoya yakatoka, akaviosha mpaka maji yakawa meupe, kisha akavitia kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Moto ndio uliokuwa kazi yenyewe. Sufuria ikichemka kwa fujo, gundi hupoteza nguvu na haifai tena. Inatakiwa itokote taratibu, kama uji wa mgonjwa. Akishachuja, aliimimina kwenye masinia, ikaganda kama faluda, akaikata vipande na kuvianika juu ya nyavu kuukuu za wavuvi. Vikikauka vilikuwa vigumu, vya rangi ya asali, na ukivigonganisha vinalia kama vigae.

Mzee Sudi aliiita sherisi. Rehma naye alianza hivyo. Lakini neno hilo halikuwa na wenyeji Kisumu. Wajaluo waliomletea kuni hawakulijua, wala vibarua wa bandarini. Kila aliposema sherisi aliulizwa sherisi ni nini, akajibu ni gundi, mpaka akachoka, akawa anasema gundi moja kwa moja. Pale mjini kila kinachonata kilikuwa gundi, kiwe cha mti, cha ngozi, au unga uliokorogwa wa kubandikia karatasi. Neno moja lilitosha. Baba yake alipofariki, hapakuwa na mtu nyumbani wa kumkumbusha lile la pili.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Baldev Singh, Kalasinga mwenye karakana nyuma ya bazaa, fundi wa vitanda, makabati na viti vya ofisini. Alikuwa mgumu kuridhika. Alichukua kipande akakivunja karibu na sikio lake: kikikatika kwa mlio mkali, ni kizuri, kikipinda kwanza, bado kina maji. Halafu alikitumbukiza kwenye bakuli la maji baridi. Kikivimba bila kuyeyuka, alinunua. Kikiyeyuka, alimrudishia Rehma akimwambia ampelekee mwanawe anywe kama mchuzi. Katika miaka yote hiyo alimrudishia mara chache sana. Kulikuwa na kasoro moja tu ambayo wote wawili waliijua na hawakuwa na dawa yake, nayo ni kwamba gundi ya ngozi haipendi maji. Na Kisumu, mvua ya alasiri ikishazoea kuja, hata hewa ni maji.

Rafiki wa Rehma alikuwa Indumati, mke wa Mhindi mwenye duka moja la vitambaa, aliyeishi na familia yake nyuma ya duka hilo. Urafiki wao ulianza kwa kanga. Rehma alikuja kununua, Indumati akachungulia kutoka ndani, akatoa maoni kuhusu rangi, na ubishi wa rangi ukaendelea kwa miaka. Indumati alimwita Rehma-ben, yaani dada Rehma, na Rehma alimwita Mama Navin kwa jina la mtoto wake. Rehma alikuwa akimpelekea mafuta ya nywele aliyoyapika kwa nazi na mrehani, naye Indumati alijipaka bila kuuliza kitu.

Rehma alipojifungua Zeituni, Indumati alimtumia sahani ya vitamu vigumu vya rangi ya kahawia, kisha akaja mwenyewe kuhakikisha vimeliwa. Alieleza kwamba mna samli, tangawizi, na gundi ya mti iliyokaangwa mpaka ikafutuka, kwa kuwa kwao mzazi hulishwa gundi ili mgongo urudi mahali pake. Kwa lugha yake iliitwa gundar, na ilimfurahisha kuona kwamba Kiswahili nacho kina neno karibu lilelile. Rehma alicheka mpaka mshono ukamuuma. "Mama Navin, mgongo umevunjika kweli, lakini sikujua nimeletewa seremala." Alikula sahani nzima. Wakati huo Abdulrahman alikuwa hai, na kibanda cha ziwani hakikuwapo.

Katika chumba cha ndani cha Indumati palikuwa na kihekalu cha mbao, kimo chake kama mtoto aliyeketi, chenye nguzo nyembamba za nakshi na paa lenye ncha. Ndani yake mlikaa miungu ya nyumba. Alikuja nacho melini kutoka Porbandar, kwao Bara Hindi, alipokuwa bibi arusi, mikono yake ikiwa bado na hina. Asubuhi na jioni aliwasha taa ndogo ya samli mbele yake, na watu wa nyumba ile walijua kwamba kabla taa hiyo haijawashwa hakuna wa kumwomba chai. Nguzo moja ilipolegea, mume wake aliagiza mtumishi akipeleke kwa Baldev Singh. Kikarudi kizima kabla ya sikukuu ya Diwali, na maisha yakaendelea.

Masika iliyofuata ilikuwa nzito. Ziwa lilipanda, bati la nyumba ya Indumati likavuja nyuma ya kihekalu, na viungo vikaanza kufunguka tena, safari hii nguzo mbili na pembe ya paa. Indumati hakumtuma mtu. Alitembea mwenyewe hadi Kaloleni na mwavuli wake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasimama mlangoni kwa Rehma ncha ya sari ikichuruzika maji. Rehma alikuwa amefungua kijaluba chake cha tambuu, anapaka chokaa kwenye jani.

Indumati alisema kwa furaha kwamba amesikia karakanani gundi ya fundi Baldev inatoka kwa nani. Mbona Rehma-ben hakumwambia? Rehma alisema hakudhani kwamba ni habari.

"Ni habari njema. Mimi nilikuwa naogopa kuuliza fundi anaweka nini. Sasa nimejua iko gundi, tena ya mkono yako, kama ile mimi nilikuletea wewe ukizaa Zeituni. Asubuhi nikiwasha taa, roho imetulia kabisa. Lakini hii mara pika ya nguvu zaidi, Rehma-ben. Hii mvua inakula kila kitu."

Rehma alilishika lile jani bila kulikunja. Alimkaribisha mgeni, akatafuta kitambaa cha kufutia sari, akasema ataangalia la kufanya. Indumati alipokwisha kuondoka, tambuu ilikuwa imekauka mkononi.

Hakuwa mjinga wa mambo ya Mabanyani. Alijua kwamba ng'ombe kwao ni mama, na kwamba Indumati hangevuka ukumbi akiwa na kiatu cha ngozi mguuni. Ila hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyejua gundi ya seremala inatoka wapi. Mji mzima ulikuwa ukiinusa. Kumbe Indumati, ambaye hajawahi kushuka hadi ziwani, alidhani harufu ile ni ya machinjioni, na akilini mwake alimwona rafiki yake akichuma utomvu wa miti na kuupika kwenye sufuria safi. Kila asubuhi na kila jioni, tangu Diwali, alikuwa akiinamisha kichwa mbele ya ngozi ya ng'ombe, naye Rehma ndiye aliyeipika.

Alikwenda karakanani. Baldev Singh alimsikiliza huku akiendelea kupiga randa, kisha akaacha. Alikiri kwamba hakuwaza. Kihekalu kilimfikia kikiwa kimekwisha kuachana vipande njiani, ndani ya gunia, mtumishi akasema ni cha haraka, naye akaunga mbao kama anavyounga mbao zote. Misumari ingezipasua zile nguzo. Hakuulizwa, hakusema.

"Fundi akianza kueleza kilichomo ndani ya kiti, Mama Zeituni, watu watakaa chini."

"Hicho si kiti, fundi."

Baldev aliifuta randa kwa kidole. Kisha akatoa shauri lake, na lilikuwa shauri la mtu mwema. Atakwangua gundi ya zamani yote, ataosha kwa maji ya moto, ataweka nyingine isiyo na mnyama, na mambo yataishia hapo. Mama Navin ana amani. Ya nini kumnyang'anya? Rehma akamwambia kwanza atafute hiyo gundi nyingine, la amani atalifikiria akiwa njiani.

Wakaitafuta wote wawili. Gundi ya mgunga, ile ya mti wa miiba inayokusanywa upande wa Nyakach, ilikuwa safi na ya kung'aa. Mbao mbili zilizoungwa nayo zilikaa vizuri mpaka Rehma alipoziweka chini ya mchirizi wa paa, zikaachana kama watu wasiofahamiana. Ulimbo wa mtini ulibaki laini. Kulikuwa na wazo la ngozi ya mumi, maana samaki huyo hutoa gundi kali, lakini Rehma alilikataa kabla halijakamilika kusemwa, kwa kuwa Indumati hagusi samaki vilevile.

Baldev ndiye aliyekumbuka. Nyumbani kwao Punjab, shangazi yake alikuwa akiunga vyungu vilivyopasuka kwa jibini ya maziwa iliyosagwa na chokaa, na chungu kilichoungwa hivyo kilirudi kisimani. Chokaa kiasi gani, hakujua. Alikuwa mdogo, na kazi ile ilikuwa ya wanawake.

Chokaa Rehma alikuwa nayo ndani ya kijaluba. Maziwa alinunua kwa mwanamke aliyeitwa Nyar Kajulu, binti wa Kajulu, maana kwa Wajaluo waume huwaita wake zao kwa kule walikozaliwa, na huyu alikuwa ameolewa Kogony, kando ya mji. Rehma aliyagandisha kwa ndimu, akayakamua kwenye kitambaa, akasaga, akachanganya na chokaa. Kikatoka kitu cheupe chenye kuteleza, na mbao zikateleza nacho. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Siku ya tatu Nyar Kajulu alitua kibuyu chake, akachungulia bakuli, akauliza mama anapika chakula gani. Alipoelezwa alikaa chini ili acheke vizuri.

"Hiyo maziwa iko na mafuta, mama. Mafuta inashika nini? Wewe ulishaona mtu anajipaka samli halafu anaenda kushika samaki?"

Kesho yake alileta maziwa yaliyobaki kibuyuni baada ya kusukwasukwa na kutolewa siagi, membamba na machachu, ambayo kwake ni ya kuwapa ndama na watoto. Rehma aliyapasha moto kidogo, akayakamua, akayaosha mara nyingi, akasaga mpaka yakawa kama unga wa maji, akatia chokaa. Safari hii kijiko kilivuta uzi. Ilitaka kutumiwa upesi, kwani kufikia jioni iliyobaki bakulini ilikuwa jiwe. Mbao zilizoungwa nayo zilikaa chini ya mchirizi kwa mvua kadhaa mfululizo. Baldev Singh alizipiga kwa nyundo ya mti. Mbao yenyewe ndiyo iliyochanika, kando ya kiungo, na kiungo kikabaki kimefumba. Akageuza kile kipande mkononi, akakinusa, akakitia mfukoni.

Nyar Kajulu alipoambiwa kwamba sasa Rehma ana gundi mbili, moja ya Mabanyani na moja ya watu wengine, alisema haoni tofauti kubwa. "Zote ni ya ng'ombe. Ila hii ng'ombe alikupa. Ile ulimnyang'anya."

Basi kazi ilikuwa imekwisha, na ndipo Rehma alipoona kwamba haijakwisha. Kihekalu kingeungwa, na Indumati angewasha taa yake, na hapangekuwa na uongo wowote uliosemwa na mtu yeyote. Zeituni, ambaye ndiye aliyenisimulia, alikumbuka kwamba siku hizo mama yake alikuwa akianza kusuka ukili na kuuacha, akianza na kuuacha. Hakuogopa kupoteza wateja. Maseremala wangeendelea kununua, na viti havina dini. Mtu aliyemwita dada katika mji ule alikuwa mmoja tu.

Alimkuta Indumati kwenye baraza ya nyuma ya duka, amekaa na sinia la dengu akichagua mawe. Rehma akaketi mbali kidogo, akamweleza habari za maziwa na chokaa, na mbao iliyochanika badala ya kiungo. Indumati alifurahi sana. Aliuliza kila hatua, akataka kujua maziwa ya nani. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye dengu, kwa nini asingeizidishia tu nguvu ile ya kwanza.

"Ile ya kwanza haikuwa gundi," Rehma alisema.

"Ilikuwa nini?"

Alikuwa amejiandaa njia nzima. Lakini maneno ya ngozi na ya ng'ombe, alipoyafikia, hayakutoka. Lililotoka ni neno la baba yake, ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka.

"Sherisi."

Mkono wa Indumati ulisimama ndani ya dengu. "Saresh," alisema taratibu. Kwa lugha yake ndivyo ilivyo, sherisi ni saresh, na kila mtoto aliyekulia Porbandar karibu na mtaa wa maseremala anajua inapikwa kwa nini. Kama Rehma angelitaja neno hilo hata mara moja katika miaka yote ile, Indumati angefahamu bila kufafanuliwa.

"Tangu Diwali?"

"Tangu fundi alipokitengeneza."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua ni kitu gani. Sikujua kwamba wewe hujui. Hilo nililijua siku uliposimama mlangoni kwangu na mwavuli."

Indumati hakupaza sauti. Aliyatupa mawe aliyokwisha kuyachagua, akainuka na sinia lake, na alipofika mlangoni akamwomba Rehma aende nyumbani.

Wiki zikapita. Mvua ilipungua, wadudu wa ziwa wakaja kwa mawingu na kuondoka, na Rehma aliendelea kuwasha moto wake mdogo kule chini. Akipita bazaa alishika upande wa pili wa barabara. Baldev Singh alimwambia, si kwa kumsuta, kwamba yeye alisema tangu mwanzo Mama Navin aachiwe amani yake. Rehma alikubali kwamba alisema.

Asubuhi moja mtumishi wa dukani alifika Kaloleni amebeba kichwani furushi la kitambaa cheupe, na nyuma yake alikuja Indumati, mwavuli mkononi na jua linawaka. Ndani ya furushi mlikuwa na kihekalu, vipande vyote vimeachanishwa. Alikuwa amemwuliza mzee wao wa dini, akaelezwa ya kufanya, naye akayafanya. Kukwangua hakumpa fundi. Alikikwangua mwenyewe, kiungo kwa kiungo, kwa kisu cha jikoni na maji ya moto, na vidole vyake vilikuwa na michubuko. Alibeba pia birika la shaba lenye maziwa aliyoyatoa siagi yeye mwenyewe.

"Pika," alisema. "Mimi naona."

Rehma alitoa chungu kipya. Hawakwenda kibandani, walikaa uani pale nyumbani, Indumati juu ya kiti kilichowekwa kivulini, asiondoe macho. Kitambaa cha kukamulia alikitazama pande zote mbili. Kijaluba kilipofunguliwa akauliza hicho ni nini, Rehma akamwambia ni chokaa, ileile ambayo yeye Rehma huiweka kwenye jani la tambuu kila baada ya chakula. Indumati akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaionja, akaitikia kwa kichwa. Uji mweupe ulipoanza kuvuta uzi, alinyoosha mkono akachukua kijiko, akakoroga mwenyewe mpaka mwisho. Baldev Singh aliitwa kuja kubana viungo kwa kamba. Alikuja amenawa, akavua viatu mlangoni, na hakusema neno lolote la mzaha.

Kihekalu hicho hakikulegea tena. Urafiki nao ulirudi, ubishi wa rangi za kanga ukaendelea mpaka nywele zao zikawa nyeupe. Sherisi nayo ilirudi mdomoni mwa Rehma. Kila mteja mpya alielezwa kwamba kuna sherisi na kuna gundi, na achague akijua.

Ila tangu siku ile Indumati alikuwa akiuliza. Rehma akimletea mafuta ya nywele, alifungua chupa, akanusa, akasema, "Hii iko na nini, Rehma-ben?" Hata udi, hata sabuni, hata uzi wa kushonea. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya watoto. Naye Rehma, kila mara, aliketi barazani akamhesabia: nazi, mrehani, karafuu kidogo, maji ya mvua. Hakuna kingine. Indumati akimaliza kusikiliza, alimimina kiganjani na kuanza kujipaka.